Madeni ya nyumbani Kibosho: atozaye riba kubwa ndiye alipwe kwanza

SOKO la fedha lina bei zake, kama lilivyo soko la ndizi la Mbuyuni au mnada wa kahawa mjini Moshi. Tofauti iliyopo ni kwamba mama anayeshusha mikungu kutoka Kibosho huwa ameshaulizia bei ya siku hiyo kabla hajapanda gari, lakini mama huyo huyo, au mumewe, anapokopa Sh. 200,000 mwezi Januari ili mtoto aende shule, bei ya fedha hiyo huwa haiulizwi. Kinachoulizwa ni kama fedha ipo na kama inapatikana leo.

Bei ya fedha ni riba, na kwenye miteremko ya Kilimanjaro bei hiyo inatofautiana mno kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Benki za biashara nchini zimekuwa zikitoza wastani wa karibu asilimia 15 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, vingi hutoza kati ya asilimia moja na mbili kwa mwezi, tena kwa kiasi cha deni kinachobaki. Wakopeshaji wenye leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 hawaruhusiwi, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2019, kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Nje ya uzio huo wako wakopeshaji wa mitaani, ambao mikopo yao wananchi wameipa jina la "kausha damu". Kwao asilimia 20 kwa mwezi ni jambo la kawaida, na 30 si ajabu.

Kwa maneno mengine, fedha ile ile ya kumnunulia mtoto sare inaweza kugharimu asilimia 1.5 kwa mwezi mlango mmoja na asilimia 20 mlango wa pili. Hakuna mfanyabiashara ambaye angenunua gunia la mahindi kwa bei mara 13 ya ile anayotoza jirani. Katika biashara ya fedha jambo hilo hufanyika kila Januari, na wanaolifanya ni watu ambao kwa ndizi na kahawa hawadanganyiki hata kidogo.

DENI LA KALENDA

Kihamba cha Kibosho kina mapato ya aina mbili. Ndizi, maziwa na vibarua huleta fedha ndogo ndogo kila wiki. Kahawa huleta fedha nyingi kwa mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya mavuno yanayoanza katikati ya mwaka na kwenda hadi Desemba. Matumizi hayafuati kalenda hiyo. Desemba ndugu hupanda mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Mbuzi huchinjwa, mbege hutengenezwa, na harusi, ubatizo na vikao vya ukoo vyote hupangwa ndani ya wiki mbili. Kabla vyombo havijakauka shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari, chakula, nauli na mahitaji ya bweni hayakuondolewa. Aidha, mzazi anayesomesha katika shule ya binafsi au ya shirika la dini bado analipa ada kamili.

Hivyo basi, deni la nyumba nyingi za Kibosho halitokani na uvivu wala anasa. Linatokana na kalenda: fedha inakuja Novemba na inatakiwa Januari, na katikati yake iko Krismasi.

Zamani sehemu ya pengo hilo ilizibwa na chama. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Chama cha msingi kiliweza kumpa mwanachama mrututu na pembejeo nyingine kwa mkopo, kisha kikakata deni lake kwenye kahawa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Biashara ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika msimu wa 1994/95, mkulima alianza kupata fedha taslimu papo hapo, na walioifurahia hali hiyo walikuwa na haki. Lakini soko huria lilikuwa na upande wa pili: aliyechukua mrututu kwenye chama aliweza kuuza kahawa yake kwa mnunuzi mwingine, deni likabaki kitabuni. Chama kisichorudishiwa fedha hakiwezi kukopesha tena. Tangu msimu wa 2018/19 kahawa ya mkulima mdogo ilielekezwa tena kwenye vyama vya msingi, yaani AMCOS, na mikopo ya pembejeo ikapata pa kushika. Pengo la Januari, hata hivyo, katika nyumba nyingi limeendelea kuzibwa na mkopeshaji wa mtaani.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Chukua mfano wa nyumba ya kubuni yenye watoto watatu. Mama hupeleka ndizi sokoni na kubakiwa na Sh. 60,000 kwa mwezi baada ya nauli na ushuru. Ng'ombe mmoja wa zizini huacha Sh. 80,000 baada ya kulipia pumba, dawa na majani yanayopandishwa kutoka tambarare. Baba ni fundi mwashi na hupata wastani wa Sh. 120,000. Jumla ni Sh. 260,000 kwa mwezi. Kahawa, kilo 150 kwa bei ya mfano ya Sh. 7,000, ni Sh. 1,050,000 kwa mwaka, na haihesabiwi katika fedha za kila mwezi.

Matumizi ni haya: chakula Sh. 110,000, umeme, mkaa na simu Sh. 25,000, mahitaji ya shule Sh. 35,000, dawa na sabuni Sh. 20,000, michango ya misiba, harusi na jumuiya Sh. 15,000. Jumla ni Sh. 205,000. Kinachobaki ni Sh. 55,000, na hizo ndizo fedha pekee za kulipia madeni.

Madeni mwanzoni mwa Februari ni matatu. Mkopeshaji wa mtaani anadai Sh. 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mangi, kama anavyoitwa mwenye duka nchi nzima na hata huku kwenye asili ya jina lenyewe, anadai Sh. 90,000 za unga, sukari na mafuta, bila riba. Chama cha msingi kinadai Sh. 120,000 za pembejeo, ambazo zitakatwa kwenye kahawa.

Alipwe nani? Katika nyumba nyingi jibu linatolewa na aibu. Mangi yuko njiani. Mama hupita mbele ya duka mara mbili kwa siku, na watoto hutumwa pale pale. Kwa hiyo anapelekewa chochote kinachopatikana, na mkopeshaji anapewa riba yake ya Sh. 40,000 ili asije nyumbani. Sh. 55,000 zinagawanyika hivi: 40,000 kwa mkopeshaji, 15,000 kwa Mangi. Baada ya miezi sita Mangi amemalizwa. Mkopeshaji amepokea Sh. 240,000 na bado anadai Sh. 200,000 zile zile, hazijapungua hata shilingi.

Sasa geuza mpango. Sh. 55,000 zote ziende kwa mkopeshaji kila mwezi. Mwezi wa kwanza deni pamoja na riba ni Sh. 240,000, zikitoka 55,000 zinabaki 185,000. Riba ya mwezi wa pili inakuwa Sh. 37,000 badala ya 40,000, na deni linashuka hadi 167,000. Mwezi wa tatu linabaki 145,400. Wa nne 119,480. Wa tano 88,376. Wa sita 51,051. Wa saba 6,261. Mwezi wa nane, yaani Septemba, Sh. 7,513 zinamaliza kazi. Fedha inayobaki Septemba na ile ya Oktoba zinatosha kummaliza Mangi. Kwa mpango wa kwanza, wa aibu, nyumba hiyo hiyo yenye mapato yale yale ingefika Machi ya mwaka unaofuata ndipo imalize, baada ya kupita Krismasi nyingine na Januari nyingine ikiwa bado na mkopeshaji mlangoni.

Wapo wanaoshauri deni dogo limalizwe kwanza ili mdaiwa apate moyo. Ushauri huo hauna madhara makubwa pale ambapo riba za madeni zinakaribiana. Hapa deni moja lina asilimia 20 kwa mwezi na lingine halina riba kabisa. Moyo unaopatikana kwa kumlipa Mangi kwanza unanunuliwa kwa Sh. 240,000.

Hata hivyo mpango wa pili nao ni ghali. Mdaiwa amelipa jumla ya Sh. 392,513 kwa mkopo wa Sh. 200,000. Ndiyo maana inafaa kutazama mambo mawili zaidi.

La kwanza ni kuongeza malipo, hata kwa kiasi kidogo. Nyumba ikibana na kupata Sh. 15,000 zaidi, ikalipa 70,000 kwa mwezi badala ya 55,000, deni linaisha kwa miezi mitano na jumla inayolipwa ni Sh. 326,752. Sh. 15,000 za mwezi zimeokoa zaidi ya Sh. 65,000 na miezi mitatu. Zinatoka wapi? Wengi hukimbilia kukata chakula, jambo ambalo halidumu wiki tatu. Afadhali kutazama namna ya kununua: sukari ya robo robo na mafuta ya kupimiwa kila siku huwa na bei ya juu kuliko kilo au lita nzima. Vifurushi vya simu vya kila siku vina tabia hiyo hiyo. Michango nayo ina nafasi yake. Mtu hawezi kuacha msiba wa jirani, lakini kadi za harusi tatu katika mwezi mmoja zinaweza kujibiwa kwa kwenda kusaidia kazi.

Mali iliyopo izingatiwe pia. Mbuzi wa Sh. 100,000 akiuzwa Februari na fedha yote ikapelekwa kwa mkopeshaji, riba ya mwezi unaofuata inapungua kwa Sh. 20,000. Hakuna mbuzi anayezaa asilimia 20 kwa mwezi. Ng'ombe wa maziwa ni habari nyingine. Yeye ndiye analeta Sh. 80,000 za kila mwezi, na nyumba inayomuuza ili ilipe Sh. 200,000 imeuza kisima ili inunue ndoo.

KUHAMISHA DENI

Jambo la pili lina faida kubwa kuliko yote, na ndilo linaloogopwa zaidi: kukopa ili kulipa. Kwa kawaida ni tabia mbaya. Hapa inategemea bei. Familia ikipata Sh. 200,000 kutoka SACCOS kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, ikammaliza mkopeshaji siku hiyo hiyo, kisha ikalipa SACCOS Sh. 55,000 zile zile kwa mwezi, deni linaisha Mei. Jumla inayolipwa ni Sh. 207,273. Riba yote ni Sh. 7,273, badala ya Sh. 192,513. Hata kwa mkopeshaji mwenye leseni anayetoza kikomo cha asilimia 3.5, riba yote ingekuwa Sh. 17,683. Kwa njia ya SACCOS, Mangi naye anamalizwa Julai, na nyumba inaingia kwenye mavuno ya kahawa ikiwa na deni la pembejeo peke yake.

Kizuizi ni kwamba SACCOS haimkopeshi mpita njia. Lazima mtu awe mwanachama, awe amenunua hisa, awe na akiba na apate wadhamini. Vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Anayegonga mlango wao kwa mara ya kwanza Januari akiwa na shida amechelewa. Kwa aliyechelewa kipo kikundi cha VICOBA, kama mmoja wa wanandoa ni mwanachama. Vikundi vina masharti yake, na riba ya asilimia tano au kumi kwa mkopo mzima wa miezi kadhaa si ya kawaida kulinganisha na ya benki, lakini ukiigawa kwa miezi bado iko mbali sana na 20 ya kila mwezi.

Kuhamisha deni kuna sharti moja lisilo na msamaha: deni la zamani lifungwe kabisa. Mkopeshaji alipwe mbele ya shahidi, aandike kwamba hadai tena, na arudishe alichoshikilia, iwe kadi ya benki, kadi ya pikipiki au hati ya kiwanja. Waliochukua fedha ya SACCOS wakalipa nusu na nusu nyingine wakanunulia bati wamejikuta na madeni mawili mahali pa moja.

Mikopo ya simu nayo inastahili kutazamwa kwa jicho hilo hilo la bei. Mtu anaomba Sh. 100,000, anapokea 80,000 baada ya "ada" kukatwa, na baada ya siku 14 anatakiwa arudishe 100,000. Hiyo ni asilimia 25 kwa wiki mbili, ghali kuliko hata kausha damu wa mtaani. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini yake. Kabla ya kubonyeza inafaa kujua mkopeshaji yuko upande gani wa orodha.

Kuhusu kihamba chenyewe, kuna jambo ambalo wakopeshaji wengine hulifumbia macho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Karatasi iliyotiwa saini na baba peke yake jioni kwenye kilabu cha mbege haina nguvu inayodaiwa kuwa nayo, na mke anayeletewa karatasi hiyo ana haki ya kuipeleka barazani na mahakamani.

KAHAWA ISIUZWE IKIWA MTINI

Mdaiwa akibanwa sana Machi au Aprili, hutokea mtu mwenye fedha akajitolea kununua kahawa ambayo bado ni maua. Kagera desturi hiyo huitwa butura na serikali imeipiga vita kwa miaka mingi. Uchaggani jina si muhimu, jambo ni lile lile. Tuseme mnunuzi anatoa Sh. 3,500 kwa kilo mwezi Aprili, na Novemba kilo hiyo ni Sh. 7,000. Mkulima anayepokea Sh. 140,000 kwa kilo 40 ameacha Sh. 280,000. Kwa miezi saba hiyo ni riba ya asilimia 100, sawa na karibu asilimia kumi kwa mwezi. Ni nusu ya bei ya kausha damu, na ndiyo maana baadhi ya watu huiona nafuu. Lakini inagusa fedha pekee ya nyumba inayokuja kwa mkupuo, na mwaka unaofuata nyumba inaanza tena Januari bila kitu.

Kuna kosa lingine linaloelekea upande wa pili, la kuitegemea kahawa kupita kiasi. Bei haipangwi Kibosho wala Moshi. Mfumo wa mgawo wa mauzo wa mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei ya dunia iliporomoka na wakulima wa mlimani waliona matokeo yake. Baridi kali ya Brazil katikati ya 1994 ikaipandisha ghafla. Mwaka 2001 bei ikashuka kiasi kwamba wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Februari 2025 kahawa aina ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Mtu aliyekopa mwaka wa bei nzuri kwa kudhani mwaka ujao utakuwa hivyo hivyo amekopa kwa kutegemea hali ya hewa ya Brazil.

Njia iliyo salama ni kupanga ulipaji wa madeni kwa malipo ya awali peke yake, tena kwa bei ya chini kuliko ya mwaka uliopita. Malipo ya pili yakija, yawe nyongeza. Katika nyumba ya mfano, chama kikikata Sh. 120,000 za pembejeo zinabaki Sh. 930,000. Hata bei ikishuka hadi Sh. 4,000, kahawa italeta Sh. 600,000 na baada ya makato zitabaki 480,000. Nyumba ambayo imeshammaliza mkopeshaji kwa fedha za ndizi na maziwa inaweza kuistahimili bei hiyo. Ile iliyokuwa ikimsubirisha mkopeshaji hadi kahawa haiwezi: kwa riba ya asilimia 20, Sh. 200,000 zisizolipwa kitu tangu Februari hadi mwisho wa Oktoba huwa zimepita Sh. 1,000,000.

DAFTARI MOJA

Yote hayo yanadhani kwamba mume na mke wanayajua madeni yote ya nyumba. Mara nyingi sivyo. Kwa desturi ya uchaggani ndizi na maziwa ni mkoba wa mama, kahawa ni ya baba na jina lililoko kwenye kitabu cha AMCOS ni lake. Deni la mama kwenye kikundi hulipwa kwa ndizi. Deni la baba kwa mkopeshaji husubiri kahawa, na katika kusubiri huko ndiko riba inakozaliana. Mume anaogopa kusema kiasi anachodaiwa, mke anaficha akiba yake kwa sababu anakijua kilichotokea akiba ya mwaka jana ilipojulikana. Kila mmoja ana sababu yake, na mkopeshaji ndiye anayenufaika na siri ya pande zote mbili.

Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Kwenye ukurasa mmoja yaandikwe madeni yote, ya baba na ya mama, kila moja na riba yake kwa mwezi, lenye riba kubwa likiwa juu. Kazi hiyo ni ya jioni moja, ingawa jioni yenyewe inaweza kuwa ngumu.

Kwa upande wa Mangi, yeye naye ni mfanyabiashara na daftari lake la mikopo ni mtaji uliolala kwenye majumba ya watu. Kusubirishwa hadi Juni kunamuumiza. Lakini akitazama vizuri ataona kwamba Sh. 40,000 zinazopelekwa kwa mkopeshaji kila mwezi ni fedha ambazo zingenunua unga na sabuni dukani kwake. Mteja aliyeachana na mkopeshaji anarudi kuwa mnunuzi wa taslimu. Kinachohitajika ni kuambiwa mapema badala ya kukwepwa. Mama akiingia na kusema, "Mangi, lile deni nalijua, nitaanza kulipunguza mwezi wa sita, kwa sasa nanunua taslimu," wenye maduka wengi hujibu kama inavyotarajiwa: "Sawa mae, ila usiongeze mpaka hilo liishe." Mwenye duka ambaye hawezi kusubiri afanye makubaliano ya kiasi kidogo siku za soko la ndizi, Sh. 2,000 au 3,000, kuliko kungoja kahawa ambayo wadai wengine nao wanaingoja.

Wawekezaji wadogo wanaosoma ukurasa huu kwa ajili ya hisa na hatifungani wanaweza kuiona habari hii kuwa ya wengine. Basi wailinganishe na bei wanazozifahamu. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 iliyoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na ilipokewa kama neema. Mtu anayelipa deni la asilimia 20 kwa mwezi anapata katika mwezi mmoja zaidi ya kile ambacho hatifungani hiyo inatoa kwa mwaka, bila dalali na bila kusubiri gawio. Wapo watumishi mjini Moshi wanaoweka Sh. 50,000 kila mwezi kwenye mfuko wa uwekezaji huku wakidaiwa na kausha damu, na hujisikia wanajenga. Hesabu yao inapungua kila mwezi.

Nyumba ya mfano, ikihamishia deni SACCOS na kummaliza Mangi Julai, inabaki na Sh. 55,000 zake kila mwezi kuanzia Agosti. Zikiwekwa kama akiba SACCOS hadi Desemba, miezi mitano, zinakuwa Sh. 275,000 kabla kahawa haijahesabiwa. Sare na madaftari ya Januari iliyopita yalikopewa Sh. 200,000. Na iwapo mahitaji yatazidi, kwa chama kinachokopesha mara tatu ya akiba, akiba hiyo inaruhusu mkopo wa hadi Sh. 825,000 kwa asilimia 1.5.